Masaa Kumi na Moja

Emerance alikuwa mwanamke wa hasira, wala hakuificha. Kule Birere, mtaa wa soko karibu na mpaka, alikouza vitenge, wateja wa zamani waliwaonya wageni kwamba ni afadhali kugombana na askari wa mpakani kuliko kumwambia Emerance kitambaa chake kinachuja rangi. Lakini hasira yake ilikuwa ya moto wa majani makavu: inawaka, inazimika, na baada ya nusu saa anakuagizia chai. Ile iliyompata Jumanne ya wiki ya pili ya Februari haikuwa ya namna hiyo.

Alikuwa anamkunjulia mteja kitenge cha tatu simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa mwalimu wa nidhamu wa shule ya binti yake.

"Mama Umwiza, kuja haraka. Mutoto ameanguka."

"Ameanguka aje?"

"Kuja tu, mama. Yuko hai."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomtoa mbio. Akamwachia jirani kibanda, akapanda pikipiki, na njia nzima alikuwa akimpiga dereva bega ili aongeze mwendo.

Umwiza, binti yake wa pekee, alikuwa na miaka kumi na mitano. Mama yake alimkuta ameketi kwenye benchi la ofisi, kitambaa mdomoni, shati jeupe la shule limelowa damu kutoka kola hadi kiunoni. Alikuwa anashuka ngazi za darasa, ngazi za mawe ya volkano ambayo hata yakisagwa hayaishi makali. Hakuteleza. Hakuna aliyemsukuma. Alishikwa na usingizi akiwa anatembea, akatangulia uso. Meno mawili ya mbele yaling'oka, na kidevu kikachanika.

"Siku hizi analala kila saa," alisema mwalimu wa nidhamu, mzee mwembamba aliyeitwa Havugimana. "Analala kwenye hesabu, analala kwenye Kifaransa. Tulikuandikia mara ine, mama."

"Muliniandikia wapi?"

"Kwenye kundi la wazazi. Kwenye simu."

Emerance akatoa simu yake. Katika kundi la wazazi kulikuwa na ujumbe zaidi ya mia tano ambao hakuwahi kuufungua: salamu za asubuhi, maombi, picha za maua, matangazo ya matanga, na katikati ya hayo yote, jina la mtoto wake, mara nne.

"Mutoto wangu anaangamia, na wewe unamuweka katikati ya maua?" alisema. "Hauna miguu, Papa Havugimana? Birere ni mbali na hapa?"

Mzee akafungua mdomo. Emerance hakungoja jibu. Alishamshika binti yake mkono, wanatoka.

Katika kituo cha afya cha mtaa wao wa Mapendo walipokelewa na Apolline, muuguzi mwenye mvi aliyemzalisha Emerance alipomzaa Umwiza. Apolline hakuwa mtu wa maneno mengi. Akamsafisha msichana, akamshona kidevu nyuzi sita, akakata uzi, kisha akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Unalala saa ngapi?"

"Saa ine," alijibu Umwiza kwa taabu.

"Na kuamka?"

"Kumi na mbili."

"Mutoto, mimi nashona watu tangu mama yako alikuwa msichana. Usinidanganye na mdomo wenye damu."

Akamwambia asome herufi zilizobandikwa ukutani. Umwiza alisoma mstari wa kwanza. Wa pili aliotea. Wa tatu alinyamaza. Apolline akamgeuza shingo kulia na kushoto, na kila alipogeuza msichana alikunja uso. Akampandisha kwenye mizani: alikuwa amepungua kilo sita tangu kipimo cha mwisho cha shule.

"Nipatie simu yake," alimwambia Emerance.

Simu ilikuwa mfukoni mwa sketi ya msichana. Hata katika kuanguka haikupata mkwaruzo. Apolline akaomba ifunguliwe, akabonyeza hapa na pale, akafika kwenye ukurasa ambao Emerance hakujua kama upo, ule ambamo simu yenyewe huhesabu muda ambao mwenye nayo ameitazama. Akamwelekezea mama kioo. Kwa wiki iliyopita, kila siku kwa wastani, masaa kumi na moja na dakika kumi na mbili.

Emerance alihesabu kwa vidole kama anayepima kitambaa. Ishirini na nne, toa kumi na moja. Toa saba za shule. Toa njia, toa kuteka maji, kuosha vyombo, kufua. Yaliyobaki hayakujaza vidole vya mkono mmoja.

"Andika dawa," alisema.

"Dawa gani? Kidonge cha hii hakiko. Mutoto wa umri huu anapaswa kulala masaa nane, tisa. Katika kulala ndipo anakua, ndipo kichwa kinapanga yale alisoma. Huyu halali, hali, na macho yake hayatazami tena kitu chenye kuwa mbali kuliko mkono wake." Apolline akavua glavu. "Umemulisha, umemuvalisha, umemulipia masomo. Ni nani alikuwa anamulaza?"

Swali lile lilimwingia Emerance mahali pabaya. Mume wake Damascène alikuwa Kampala mwaka wa pili, akiendesha malori. Ndani ya nyumba walikuwa wawili tu. Jioni Emerance alirudi amechoka, akala, akalala kama gogo, na chumba cha pili kilikuwa kimya. Ukimya huo alikuwa akiushukuru.

Hasira ikatafuta mtu wa kumshukia. "Unaangalia nini humo masaa yote hayo? Sema!"

Umwiza alitazama sakafu. "Ni Joyeuse."

"Joyeuse ni nani?"

Ilitoka kidogo kidogo, kwa sauti ya mtu ambaye ulimi wake unagusa mashimo mapya. Joyeuse alikuwa msichana aliyekuwa na ukurasa. Kila siku jua likizama alifungua direkti, yaani anaonekana mubashara, anaongea, anaimba, anasuka nywele, anasoma majina ya wanaomtazama, hadi alfajiri. Wasichana waliokaa naye mpaka mwisho waliitwa Macho Makavu. Ukikaa usiku mmoja unapewa nyota. Ukikaa usiku kumi unaitwa dada. Ukitoka hata mara moja, jina lako linafutwa, wenzako wanakucheka, unaanza upya. Asubuhi kulikuwa na kundi la kuzungumza yaliyotokea usiku, na mchana kundi la kujiandaa kwa usiku unaokuja.

"Na wewe umekaa usiku ngapi?"

"Kumi na tisa." Na Mungu amsamehe, mtoto aliitaja namba hiyo kwa fahari, huku damu ikimtoka kwenye ufizi.

"Mana yanjye!" Emerance alimwita Mungu wake kwa Kinyarwanda, lugha ya nyumbani kwao Rutshuru. "Nionyeshe huyo mutu."

Umwiza alikataa. Lakini simu ilikuwa mkononi mwa Apolline, na sura ya Joyeuse ilikuwa ya kwanza kabisa, haikuhitaji kutafutwa. Msichana mrembo, midomo imepakwa rangi, taa ya duara inang'aa ndani ya mboni zake. Emerance hakumtazama usoni. Alitazama nyuma yake. Nyuma yake palining'inia pazia la kitenge cha kijani, chenye korongo weupe na mistari ya kahawia, na mwanamke ambaye amekula kwa vitenge miaka kumi na minane hahitaji kuambiwa. Bidhaa ile ilikuja mara moja tu. Rangi yake haikuwapendeza watu, ikakaa, hadi mwanamke mmoja wa Munigi aliponunua zote zilizobaki, akisema anataka mapazia ya nyumba nzima. Alimkumbuka vizuri. Aliitwa Bénita, alikuwa na maneno matamu, na mzigo wake Emerance aliufikisha mwenyewe hadi mlangoni.

"Simama," alimwambia Umwiza. "Tunaenda."

"Emerance," alisema Apolline, "mutoto anahitaji kitanda."

"Atalala. Kwanza wamuone."

Ilikuwa yapata saa nane za mchana walipofika Munigi. Nyumba ya Bénita ilikuwa ya mbao, imekaa juu ya mwamba mweusi wa volkano, ua umezungushiwa mawe yaliyopangwa bila simiti. Bénita alikuwa anaanika maharagwe kwenye turubai. Alipomwona muuza vitenge wake akaja na tabasamu, mikono wazi, kisha akaona kidevu cha Umwiza na shati lake, na tabasamu likakwama.

"Karibu, mama. Ni nini?"

"Mutoto wako Joyeuse yuko wapi?"

"Amelala. Anafanya kazi usiku, ile ya internet. Eh, mama, ukijua vile watu wanamupenda! Hata wa Kigali, hata wa Bujumbura..."

"Amelala!" Emerance akacheka cheko baya. "Umwiza, umesikia? Yeye amelala."

Akapita. Bénita akamshika kitenge, kikafunguka kiunoni, Emerance akakishika kwa mkono mmoja na kuendelea. Akasukuma mlango wa chumba cha nyuma. Palikuwa na giza la mapazia ya kijani. Alikuwa amekuja na maneno tayari, na mkono tayari pia, na kama angemkuta msichana yule wa kwenye kioo angemzaba kofi kabla ya salamu.

Aliyeinuka kitandani hakuwa yule. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na saba, mweupe wa midomo, macho mekundu kama ya mtu wa kupuliza moto wa kuni mbichi. Kifundo cha mkono wa kulia kilifungwa kitambaa. Shingo yake ilikuwa imeinama mbele na haikunyooka hata aliposimama. Mwanga wa mlangoni ulipompiga aliweka mkono usoni.

"Ni nani?" aliuliza.

"Ni mama ya huyu." Emerance akamvuta Umwiza mbele. "Mutazame. Meno yake yamebaki kwenye ngazi za shule juu yako."

Joyeuse alitazama kwa muda, akikaza macho. Kisha akasema taratibu, "Wewe ni Umwiza wa Mapendo. Usiku kumi na tisa."

Na Umwiza, mtoto yule yule ambaye alikuwa hajamtazama mama yake tangu asubuhi, akatabasamu kwa midomo iliyovimba.

Tabasamu lile lilimpandisha Emerance wazimu. "Kwa nini unafanya hivi? Batoto ya watu wamekufanya nini?"

"Mimi sifanyi kitu, mama." Sauti ya msichana ilikuwa imekauka kwa kuongea. "Nilianza ile Januari ya vita, mwaka jana. Mabomu yalipoisha mimi sikuweza kulala tena. Nikifunga macho nasikia. Nikafungua direkti, niseme tu na mutu. Wakaja wasichana kumi na wawili, na wao hawalali. Tukaogopa pamoja. Sasa wako mia tatu. Nikitaka kufunga wanalia, wanasema nimewaacha. Mimi nitatoka namna gani?"

"Unafunga! Unabonyeza, unafunga!"

"Basi funga wewe," Joyeuse akasema, na yeye sasa akakasirika. Akachukua simu juu ya kigoda, akaisimamisha kwenye stendi yake ya chuma, akawasha taa, akabonyeza. "Waambie wewe. Mimi nimechoka."

Mchana kweupe, siku ya masomo, walikuja. Kumi. Arobaini. Tisini. Emerance aliona namba ikipanda pembeni ya kioo, na kila namba ilikuwa mtoto aliyekaa chini ya dawati mahali fulani, simu mapajani.

"Muko wapi saa hii?" aliwauliza kwa kelele. "Muko shuleni! Mwalimu anasema, nanyi munanitazama mimi! Wajinga! Mama zenu wanauza mkaa, wanabeba mizigo mpakani hadi migongo inapinda, ili ninyi mukae mukitazama mutu akisuka nywele? Munajiita Macho Makavu? Macho makavu ni ya maiti!"

Mioyo midogo myekundu ikaanza kupanda kwenye kioo. Haikumwelea ni nini. Akaongeza sauti. Mioyo ikaongezeka. Namba ikafika mia nne. Maandishi yakaanza kukimbia, na Bénita, aliyesimama nyuma yake, akayasoma kwa sauti: Mama huyu ni moto. Endelea mama. Nani kamwita huyu, nimecheka hadi machozi. Mama, tukana tena.

"Munacheka?" Emerance akamshika Umwiza kidevu, mahali pale pale penye nyuzi, akamgeuzia kwenye taa. "Chekeni hii! Fungua mdomo, waone!"

Umwiza alipiga ukelele wa maumivu. Mdomo ukafunguka, na watu mia sita na kitu wakaona.

Mioyo haikukoma. Ilijaa kioo chote.

Ni Joyeuse aliyenyoosha mkono akazima. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika, na damu mpya ilishuka shingoni mwa Umwiza. Mama yake alitazama vidole vyake mwenyewe.

"Umenionyesha," Umwiza alisema.

"Nilitaka waone..."

"Umenionyesha kwa watu mia sita, mama!" Hakuwahi kumpandishia mama yake sauti, sasa ilipanda hadi Bénita akarudi nyuma. "Unauliza nani amefanya hivi? Simu ulinipa wewe! Siku zile tatu za mabomu, chini ya kitanda, nililia, ukaniwekea michezo, ukasema: shika, nyamaza. Ulisema hivyo kila niliposema kitu. Shika, nyamaza. Vita vikaisha, hukuniambia niiache. Nimenyamaza mwaka muzima, ulifurahi. Sasa unakasirikia nani?"

Emerance alishika ncha ya kitenge chake, akamfuta damu shingoni.

Walirudi kwa Apolline, akashona upya bila kuuliza. Kesho yake asubuhi, Birere yote ilikuwa imeona. Mtu alikuwa amekata kipande kile, na kikasambaa haraka kuliko mwenyewe angeweza kukimbia. Vijana wa mizigo walipita mbele ya kibanda wakisema, "Macho makavu ni ya maiti!" Wanawake walikuja, wakajifanya wanagusa vitenge, huku simu zao zimeinuliwa kifuani zinamtazama. Alimfukuza wa kwanza kwa fimbo ya kupimia, na hilo nalo likapigwa picha. Siku ya tatu alijifunza kukaa kimya, na ukimya ulimchoma kooni kama pilipili.

Akina mama wengine walikuja bila kuinua simu. Mmoja alitoka mtaa wao huo huo wa Mapendo, akasema ametazama ule ukurasa wa masaa kwenye simu ya mwanawe na amekuta kumi na matatu. Mwingine alikuja kumlaumu: mzazi gani anamfanyia hivyo mtoto wake mbele ya watu? Emerance hakumjibu kwa ukali. Alimwambia, "Ni kweli," na yule mwanamke, aliyekuja amejiandaa kwa vita, akaondoka amechanganyikiwa.

Joyeuse alifunga direkti yake siku tisa. Bénita alituma habari kwamba msichana analala mchana na usiku, kwamba anaota na kupiga kelele, lakini analala. Siku ya kumi akafungua tena, akasema itakuwa hadi saa mbili za jioni tu. Wengi walimhama. Usiku ule ule msichana mwingine wa mji mwingine alifungua ya kwake ya hadi alfajiri, akachukua jina lile lile la Macho Makavu. Emerance alipoambiwa alipiga meza ngumi hadi mkasi ukaruka. Safari hii hakujua apande pikipiki kwenda wapi.

Simu ya Umwiza ilikaa kwenye sanduku la vitenge, na ufunguo shingoni mwa mama. Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Msichana alitetemeka vidole, alilia kwa kichwa kuuma, alimwita mama yake majina ambayo mtoto wa Kinyarwanda hamwiti mzazi. Emerance alikuwa ameazimia kutopiga, na kila jioni azimio lilimgharimu. Jumamosi Umwiza alilala jioni mapema, akaamka Jumapili misa ya pili imekwisha. Wiki iliyofuata walikwenda kupima macho, akapata miwani, na alipotoka nayo mlangoni akasimama, akautazama mlima wa volkano, Nyiragongo, kwa muda mrefu. "Nilidhani ni mawingu," alisema, lakini hakumwambia mama yake, alijisemea.

Jioni ziligeuka kuwa ndefu. Emerance sasa alifunga kibanda saa kumi. Wakakaa wawili mbele ya sahani za ugali na sombe ya majani ya muhogo, hawana mazoea ya kuongea, kila mmoja anasikia mwenzake akitafuna. Umwiza alitafuna upande mmoja kwa sababu ya meno.

Siku moja, bado mwanga uko nje, aliweka kijiko chini.

"Mama, zile siku chini ya kitanda. Uliogopa?"

"Mimi? Sana."

"Ulikuwa unaomba tu. Nilidhani hauogopi. Nilidhani ni mimi peke yangu niko na kitu kibaya kichwani."

"Sikutaka ujue."

"Ungeniambia," alisema Umwiza, na nyuma ya miwani macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hasira, hasira ile ile ya mama yake, hata namna ya kukunja pua. "Mwaka muzima, mama. Ungeniambia hata mara moja."

Akaondoka mezani, akaenda chumbani kwake, akaufunga mlango kwa kishindo. Emerance alibaki ameketi na sahani mbili. Baada ya muda akanyanyuka, akaenda akabisha. Hakufunguliwa. Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye mlango, akaanza kusimulia: mlio wa kwanza wa bomu ulikuja saa ngapi, wapi alikuwa amesimama, jinsi miguu yake ilivyokataa kutembea. Hakujua kama anasikilizwa. Aliendelea.